Ukungu Uliopimwa

Wimbo wa mwisho wa albamu ya Souvlaki karibu hauna ukungu wowote. Unaitwa "Dagger". Neil Halstead anapiga gitaa lisilo la umeme, polepole, anaimba kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala chumba cha pili, na Rachel Goswell anaungana naye kwa upole. Dramu zimenyamaza, amplifaya hazingurumi. Anayetaka kuijua bendi yao, Slowdive, namshauri aanzie hapo, mwishoni, ndipo arudi juu. Nyingi kati ya nyimbo tisa zinazotangulia zimefunikwa na magitaa mengi kiasi kwamba mgeni hudhani kufunika ndiko kazi yenyewe. Kwamba vijana hawa walikanyaga swichi tu, mashine zikamaliza mengine. "Dagger" inaonyesha kilichokuwa chini ya kifuniko muda wote: wimbo uliotimia, ambao mtu mmoja anaweza kuuimba akiwa amekaa kwenye kigoda.

Slowdive walianza mwaka 1989 huko Reading, mji ulio magharibi mwa London. Halstead na Goswell walijuana tangu utotoni. Waliokuja kudumu nao ni Nick Chaplin kwenye besi, Christian Savill kwenye gitaa na, baada ya viti kubadilishwa kidogo, Simon Scott kwenye dramu. Inasimuliwa kwamba bendi ilitangaza kutafuta mpiga gitaa wa kike. Savill akaandika kuomba nafasi, akaongeza kwamba ikibidi atavaa gauni. Walimchukua. Walikuwa bado vijana wadogo kampuni ya Creation, iliyoongozwa na Alan McGee, ilipowapa mkataba. Waandishi wa magazeti ya muziki ya Uingereza waliuita mtindo wa bendi za aina hii shugezi, kwa kuwa wapigaji walisimama jukwaani wakitazama viatu. Ilikuwa dhihaka. Mimi naona walitazama walipopaswa kutazama, maana nusu ya vyombo vyao, yaani pedali za kubadili sauti ya gitaa, ilikuwa sakafuni.

Kazi huanza na mishiko michache ya vidole kwenye shingo ya gitaa. Miwili, mitatu, mara chache minne. Halstead hupenda kuzifunga nyuzi tofauti na kawaida, ili uzi mmoja au nyuzi mbili ziachwe wazi, ziendelee kulia huku vidole vinahama. Mpigaji wa haraka angeona huu ni umaskini wa fikra. Kumbe ni hesabu ya mbele. Kila noti watakayoipiga itarudishwa na mwangwi, na itakuwa bado hewani wakati mshiko mwingine umeshaingia. Noti iliyobaki na noti mpya lazima zikubaliane, la sivyo zitagombana na kila kitu kitakuwa tope. Uzi unaolia katika mishiko yote ndio mpatanishi wao.

Hesabu ya pili ni ya mwendo. Nyimbo zao nyingi hutembea taratibu, na wapo waliodhani ni uvivu au huzuni tu. Chukua wimbo wenye mapigo 75 kwa dakika. Kati ya pigo na pigo kuna sekunde 0.8. Ukiweka mashine ya mwangwi irudishe noti baada ya sekunde 0.4, marudio yataangukia katikati kabisa ya nafasi hiyo, na gitaa moja litasikika kana kwamba lina mkono wa pili unaojibu. Ukiweka sekunde 0.6, marudio yataangukia pembeni kidogo, na wimbo utaanza kuyumba kwa raha. Ongeza kasi ya wimbo bila kugusa mashine, na marudio yatakanyaga noti zinazofuata. Basi mwendo huchaguliwa kwa kuupa mwangwi muda wa kuondoka na kurudi. Katika "Souvlaki Space Station" hesabu hii imeachwa wazi hadi inasikika: gitaa linapigwa, linarudi, linarudi tena likiwa limefifia, na Chaplin chini yake anapiga besi nzito yenye nafasi kubwa, ya mtindo wa dabu wa Jamaika. Wimbo una dakika kama sita, na ndani yake noti zinazorudishwa ni nyingi kuliko zinazopigwa.

Sasa ingia kwenye nyaya. Sauti hutoka kwenye gitaa, ikapita pedali moja baada ya nyingine, ikafika kwenye amplifaya. Mpangilio wa pedali hizo una uzito wake. Ukikwaruza sauti kwanza kisha ukaitia mwangwi, utapata gitaa kali lililosimama ndani ya ukumbi mkubwa. Ukitia mwangwi kwanza kisha ukaukwaruza, ukumbi mzima ndio utakaopasuka: kila ukuta, kila kona, vyote vitanguruma pamoja. Vyombo ni vile vile, nyaya ni zile zile, na tofauti ni kama ya mvua na mafuriko.

Wapenzi wa Slowdive wana kisanduku kimoja wanachokitaja kwa heshima: Yamaha FX500, mashine nyembamba ya kidijiti ya mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndani yake kulikuwa na mpangilio ulioandaliwa kiwandani, uliopewa jina la Soft Focus. Unaichukua sauti ya gitaa, unaizidisha isikike kama magitaa kadhaa yanayotofautiana kwa unywele, kisha unaizungushia mwangwi mpana. Kile kishindo cha ukucha au plastiki kugonga uzi kinalainishwa, na noti inakuja kama inayovimba yenyewe. Mashine hii haikuwa siri. Mtu yeyote mwenye fedha aliweza kuinunua na kubonyeza namba ile ile. Wengi wamefanya hivyo, na kampuni nyingine baadaye ikatengeneza pedali nzima kwa ajili ya mpangilio huo mmoja, lakini rekodi zao hazikuwa Souvlaki. Kilichobaki kwa Halstead na Savill ni mikono. Sikiliza wanavyopiga kwa wepesi, wanavyoacha uzi umalize kulia kabla ya kuugusa tena. Mashine ya namna hii humwadhibu anayepiga sana. Kila noti ya ziada hurudi mara nyingi, ikawa deni.

Hapo ndipo wanapoachana na wenzao wa kampuni ya Creation, My Bloody Valentine, ambao albamu yao Loveless ilitoka mwaka 1991. Kevin Shields, mpiga gitaa wao, alishika mkono wa chuma wa gitaa lake huku akipiga, ili noti zipinde zikiwa zinalia, na ukuta wake wa sauti unakufuata, unakusukuma. Slowdive husubiri uwafuate. Naipenda Loveless, lakini baada ya muda huhitaji kupumua. Souvlaki naweza kuirudia ikiisha.

Masikio yaliyolelewa na muziki wa dansi, ambamo solo, rithimu na besi husikika kila moja na kazi yake, hupata shida mwanzoni. Tumezoea kulifuata gitaa moja kwa jina: huyu ndiye anayepiga solo, yule ndiye anayejibu, na fundi hutambulikana kwa jinsi anavyochomoza. Slowdive walikuwa na magitaa matatu, Halstead, Savill na Goswell, na ufundi wao ni kuhakikisha hutambui nani ni nani. Gitaa moja hushika mshiko mzima chini. La pili huchukua noti mbili za juu na kuzirudia bila kuchoka. La tatu linaweza kuwa sauti ndefu tu, isiyo na mwanzo unaosikika. Studioni kila tabaka hurekodiwa kwenye njia yake ya kanda, na mara nyingine tabaka moja hupigwa upya juu ya lenyewe, kwa sababu hakuna mkono unaorudia kitu sawasawa mara mbili, na ile tofauti ndogo ndiyo inayopanua sauti. Ukisikiliza kwa hedifoni, jipe kazi ya kufuata noti mbili za juu peke yake tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Utashangaa jinsi mpigaji asivyotetereka. Kupiga noti mbili kwa dakika nne bila kutamani ya tatu kunahitaji nidhamu ambayo vijana wa umri ule kwa kawaida hawana.

Mfano mzuri wa kujenga na kuzuia ni "When the Sun Hits". Ubeti unaanza kwa utulivu, gitaa likiwa karibu tupu, dramu zikijihesabu. Unajua kitu kinakuja. Bendi ya papara ingekileta mapema. Wao wanaimba ubeti mzima, wanakuacha usubiri, kisha kiitikio kinafunguka na magitaa yote yanaingia kwa pamoja. Halafu wanayaondoa tena, na ubeti wa pili unasikika mdogo kuliko wa kwanza ingawa umepigwa vile vile. Ngurumo ile ina nguvu kwa sababu ya kimya walichokilinda kabla yake. Leo wimbo huu unapendwa na vijana ambao walikuwa hawajazaliwa ulipotoka, na sidhani ni kwa bahati: hata kwenye spika ndogo ya simu, kupanda na kushuka kule hakupotei.

Sauti za waimbaji huingizwa kama tabaka jingine. Katika miziki mingi mwimbaji huwekwa mbele na vyombo nyuma yake. Hapa Halstead na Goswell wamewekwa ndani ya magitaa, wakati mwingine nusu wamefunikwa. Wanaimba kwa pumzi zaidi kuliko koo. Herufi ngumu zimelegezwa, irabu zimerefushwa, kwa sababu irabu huyeyuka vizuri katika mwangwi na herufi ngumu hurudi zikikatakata. Katika "Machine Gun" Goswell anabeba beti, sauti yake ikiwa juu na mbali, kisha Halstead anapokea kiitikio akiwa chini na karibu zaidi, na mahali pa kupokezana hapana mshono. Wapo wanaolalamika kuwa maneno hayasikiki. Ni kweli hayasikiki yote. Yanayosikika yanatosha, na mengine msikilizaji hujijazia, kisha akakutana na maandishi yake na kukataa kuyaamini.

Na watu wawili wasiotajwa sana ndio wanaolizuia wingu lisipeperuke. Chaplin hupiga besi kwa noti chache na safi, mara nyingi bila mwangwi wowote wa maana, ili sikio liwe na mahali pa kukanyaga. Scott hupiga dramu zake kwa upana, lakini pigo lake halichelewi. Jaribu kumsikiliza yeye peke yake katika "Alison", wimbo unaofungua Souvlaki. Magitaa yanayumba juu, sauti zinaelea, naye yupo pale pale.

Ufundi huu haukuja siku moja. Rekodi zao fupi za mwaka 1990 na 1991 zilifuatwa na albamu ya kwanza Just for a Day, iliyotoka Septemba 1991 na kutengenezwa wakiwa na Chris Hufford kwenye meza ya kuchanganyia sauti. Ni kazi nzuri ya wanafunzi wenye kipaji. "Catch the Breeze" inafika mwishoni na magitaa yanapanda moja juu ya jingine hadi hakuna nafasi iliyobaki. Bado napenda kuisikia ikijaa. Lakini kuna mahali katika albamu hiyo ambapo ukungu umewekwa kwa sababu tu ulikuwapo. Nyimbo zinafanana rangi, na chini ya kifuniko huwa sioni kitu cha kushika.

Ndipo ikaja sehemu ninayoiona kuwa shule yao ya kweli. Wakaanza kuandaa albamu ya pili, wakampelekea McGee nyimbo nyingi, naye akazikataa. Wakarudi kuandika upya. Halstead alimwandikia Brian Eno kumwomba asimamie albamu. Eno alijibu kwamba angependa zaidi kushirikiana nao kuliko kusimamia, na wakakaa studioni kwa siku chache. Halstead amesimulia kwamba jambo la kwanza Eno alilofanya ni kuishusha saa ya ukutani na kuiweka kando ya meza ya sauti, kisha akamwambia apige chochote kwa gitaa, yeye atarekodi. Wakapiga kwa muda uliopimwa, wakaacha, wakaanza kingine. Kwa mtu aliyetoka kukataliwa nyimbo nyingi, nadhani hiyo ilikuwa dawa: piga, saa inatembea, usihukumu sasa. Kutokana na siku hizo zikabaki nyimbo mbili kwenye albamu, "Sing", ambayo Eno alishiriki kuitunga, na "Here She Comes", ambamo anapiga kinanda. Ukizisikiliza baada ya zile za mwanzo, utaona magitaa yameanza kupisha.

Wakati huo huo Halstead na Goswell, ambao walikuwa wapenzi, walikuwa wameachana, na bado walipaswa kusimama kwenye maikrofoni zao na kuimba pamoja. Halstead akaenda kukaa kwenye nyumba ndogo mashambani Wales. Alirudi na nyimbo, "Dagger" ikiwa mojawapo. Sipendi kuzisoma albamu kama barua za watu za faragha, kwa hiyo nitasema la ufundi tu: mtu aliyekwenda kukaa mbali na pedali zake alirudi na wimbo usiozihitaji, na bendi ikawa na busara ya kutoufunika. Albamu ilichanganywa kwa sehemu kubwa na Ed Buller, na ikatoka mwaka 1993 ikiwa na nyimbo kumi.

Ilipokelewa vibaya. Uingereza ilikuwa imeanza kutaka magitaa makavu na waimbaji wenye majigambo, na mwandishi mmoja wa gazeti la Melody Maker alisema heri azame na kusongwa na uji katika bafu kuliko kuisikiliza tena. Nacheka kila nikikumbuka, kwa sababu ni tusi lililotungwa vizuri, na kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kukoroga uji bila madonge anajua kwamba ulaini nao hutafutwa.

Kilichofuata ni uamuzi ambao mpaka leo naustahi kuliko mengine yote ya bendi hii. Wakiwa wamedhihakiwa, kampuni ikitaka nyimbo za kuuzika, Halstead aliondoa karibu kila kitu. Alikuwa akisikiliza muziki wa elektroniki, akijifunza kukata vipande vya sauti kwa sampla na kuvirudisha kwa mzunguko. Scott aliondoka mwaka 1994, na Ian McCutcheon akachukua dramu. Albamu ya tatu, Pygmalion, ikatoka Februari 1995, na inafunguliwa na "Rutti", wimbo wa dakika kumi. Gitaa linapiga noti chache. Kimya. Noti chache tena. Sauti ya Halstead inaingia kama mtu anayepita varandani. Dramu huchelewa kuja, na zinapokuja hazina kishindo. Zinaanza tu kuwapo, na msikilizaji hugundua baadaye kwamba amekuwa akitikisa mguu. Hapa hesabu ya mwangwi niliyoieleza imegeuzwa: zamani walipiga ili mwangwi ujaze nafasi, sasa wanapiga ili nafasi isikike. Katika "Crazy for You" maneno ni machache mno, yanarudiwa na kurudiwa huku gitaa lililokatwa vipande likizunguka chini yake, na kila mzunguko kitu kidogo kimehama. "Blue Skied an' Clear" ni ya dakika kama saba, na ndiyo ninayowawekea wanaosema albamu hii ni baridi.

Hata jalada la Pygmalion limechaguliwa na mtu aliyeelewa kilichomo. Ni michoro ya rangi na maumbo kutoka katika kazi ya Rainer Wehinger, aliyechora ramani ya kuisikilizia Artikulation, utunzi wa kielektroniki wa György Ligeti, ili macho yafuate sauti isiyoandikika kwa noti za kawaida. Duara, vijisega, madoa, na nafasi tupu kati yake.

Wiki moja hivi baada ya Pygmalion kutoka, Creation iliwaacha. Bendi ikavunjika. Halstead, Goswell na McCutcheon wakaanzisha Mojave 3, wakahamia kampuni ya 4AD, na kati ya mwaka 1995 na 2006 wakatoa albamu tano za nyimbo tulivu zenye gitaa lisilo la umeme. Mashabiki wengi wa shugezi huziruka. Wanajinyima, maana humo ndimo Halstead alimojizoeza kuandika ubeti unaosimama bila msaada, albamu baada ya albamu. Scott kwa upande wake alikwenda kwenye sauti za mazingira. Albamu yake Below Sea Level ya mwaka 2012 ilitokana na kurekodi kwenye nyanda za majimaji za mashariki mwa Uingereza, ardhi iliyo chini ya usawa wa bahari.

Mwaka 2014 walirudi jukwaani, watu watano wale wale wa Souvlaki, wakapiga kwenye tamasha la Primavera Sound huko Barcelona. Bendi nyingi zikirudi hupiga nyimbo za zamani, zikapokea malipo, zikamaliza. Hawa waliingia studio bila haraka. Albamu yenye jina lao wenyewe, Slowdive, ilitoka Mei 2017 kupitia Dead Oceans, miaka 22 baada ya Pygmalion. Ilichanganywa na Chris Coady huko Los Angeles. Ina nyimbo nane tu. "Slomo" inafungua kwa utangulizi mrefu kabla ya mtu yeyote kuimba, na utangulizi huo hauna wasiwasi. Ni wa watu ambao wameshawahi kuharakishwa na hawataki tena. "Sugar for the Pill" inaongozwa na besi ya Chaplin, iliyo wazi kuliko wakati wowote, huku gitaa likiweka noti zake pale tu besi inapoacha mwanya. Kisha "Falling Ashes" inafunga: kinanda kinarudia noti zile zile kwa dakika nane, Halstead na Goswell wakiimba pamoja juu yake. Ni "Rutti" kwa subira yake, "Dagger" kwa uchache wake, na Mojave 3 kwa namna wimbo ulivyonyooka. Sijui kama Slowdive ya mwaka 1993 ingeweza kukaa na noti zile za kinanda bila kuzifunika na gitaa. Nina shaka.

Jalada la albamu hiyo nalo limetoka katika Heaven and Earth Magic, filamu ya katuni za vipande vya karatasi ya Harry Smith. Mtu mwingine aliyekata na kupanga polepole. Bendi hii ina jicho la kutambua ndugu zake.

Ya karibuni zaidi, everything is alive, ilitoka Septemba 2023. Halstead aliianza peke yake kwa sintesaiza za moduli, zile ambazo mpigaji huunganisha nyaya kwa mkono kupata kila sauti, kisha akaipeleka kwa wenzake. Unaisikia asili hiyo tangu "shanty", inayoanza kwa noti za sintesaiza zinazozunguka kwa mpangilio kabla ya magitaa kushuka juu yake. Albamu imetolewa kwa kumbukumbu ya mama yake Goswell na baba yake Scott, waliofariki mwaka 2020. Wimbo wa pili, "prayer remembered", hauna maneno hata moja. "kisses" ni wimbo mwepesi wa kuimbika, na kuuweka katikati ya albamu yenye msiba ni ujasiri wa mpishi anayejua kiasi cha ndimu. Iliingia kumi bora nchini Uingereza, mara ya kwanza kwao, wakiwa watu wazima wenye umri wa miaka hamsini na kitu.

Ninaorodhesha Souvlaki kwanza, Pygmalion ya pili, na hizi mbili za karibuni nazibadilisha nafasi kutegemea juma. Tunachobishania zaidi mimi na wenzangu ni "the slab", inayofunga albamu ya 2023. Dramu za Scott zimewekwa mbele kwa uzito ambao hawakuwahi kuutumia, na rafiki yangu mmoja anadai zinawafunika waimbaji. Nimemwambia aipige kwenye spika kubwa, besi ikiwa imepunguzwa kidogo, na asubiri mpaka gitaa la pili liingie. Bado hajakubali.